Emilia ni wa kina nani?

Fungua orodha yoyote ya majina ya watoto mtandaoni, tafuta Emilia, utaambiwa maana yake ni "mwenye bidii" au "mchapakazi". Orodha moja hunakili kutoka nyengine, na mwisho hakuna anayeuliza habari hiyo ilianzia wapi. Maana yenyewe haina ubaya, ila ni ya jina jengine kabisa.

Mwenye bidii ni Amalia, ambaye kwa Kiingereza huitwa Amelia. Hilo ni jina la Kijerumani cha kale, shina lake ni amal, yaani kazi au juhudi, na ukoo wa wafalme wa Wagothi wa Mashariki ulijiita Amali kwa shina hilohilo. Hapa kwetu Zanzibar mtego unakuwa mkubwa zaidi, kwa sababu tunayo amali yetu iliyotoka Kiarabu, na wizara yetu ya elimu imebeba "Mafunzo ya Amali" ndani ya jina lake. Kazi kwa Wagothi, kazi kwa Waarabu, na ukiandika kwa herufi za Kirumi hata tahajia ni moja. Hata hivyo hazina undugu. Ni sadfa tu, na mwenye kuchimba asili ya majina asipojifunza kuogopa sadfa atapotea siku ya kwanza.

Waliochanganya Amelia na Emilia ni Waingereza. Mfalme George wa Pili alikuwa na binti aliyeitwa Amelia, aliyezaliwa 1711 na kufariki 1786, lakini waliomzunguka walimwita Emily. Mtu mmoja akishaitwa kwa majina mawili, watu huamini ni jina moja lenye matamshi mawili. Ndivyo bidii ya Amelia ilivyohamia kwa Emilia, na mpaka leo imekaa huko kama mpangaji asiyelipa kodi.

Emilia ametoka Roma. Kwa Kilatini huandikwa Aemilia, na ukitaka kumwelewa, swali la "maana yake nini?" liweke pembeni kwanza. Uliza swali ambalo bibi wa Kipemba humuuliza mgeni yeyote anayekaa kwenye baraza yake: huyu wa kina nani?

Mwanamme wa Kirumi wa daraja la juu alikuwa na majina matatu. La mwanzo lilikuwa lake mwenyewe, na majina ya namna hiyo yalikuwa machache mno: Lucius, Marcus, Gaius na mengineyo. Yaliyokuwa yakitumika sana hayakuzidi ishirini kwa dola nzima, ndiyo maana wakiyaandika kwa herufi moja, mbili au tatu na kila msomaji akaelewa. La pili ndilo la ukoo, na kwa kawaida huishia na -ius: Iulius, Cornelius, Antonius, Aemilius. La tatu lilikuwa la tawi la ukoo, na mengi yalianza kama lakabu: Paullus ni mdogo, Lepidus ni mtu mwenye bashasha.

Mwanamke aliachiwa lile la katikati. Binti wa Aemilius yeyote aliitwa Aemilia, basi. Wakizaliwa wawili, walitofautishwa kwa Mkubwa na Mdogo. Wakiwa watatu, Prima, Secunda, Tertia, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Msomaji wa Ulaya wa leo huliona jambo hili la ajabu na la kuonea wanawake, na ana haki yake. Mzanzibari mwenye jamaa Oman hatashangaa sana, maana huko mpaka leo kaka ni Al-Busaidi na dada ni Al-Busaidiya, kaka ni Al-Barwani na dada ni Al-Barwaniya. Aemilia ni neno la namna hiyohiyo, nisba, yaani jina la kumhusisha mtu na ukoo wake, iliyotiwa mwisho wa kike. Tofauti ni kwamba Al-Busaidiya ana jina lake mbele, Zuwena au Sharifa, na Aemilia hana.

Jambo jengine linalofanana ni ndoa. Mwanamke wa Kirumi akiolewa hakuchukua jina la mume. Aemilia Tertia aliolewa na Scipio Africanus, aliyemshinda Hannibal, jemadari wa Carthage, akabaki Aemilia. Na sisi hapa, binti Khamis akiolewa na Juma anabaki binti Khamis mpaka kaburini.

Yuko Tertia mwengine wa ukoo huohuo, na habari yake imehifadhiwa na Cicero, mwandishi wa Kirumi. Baba yake, Lucius Aemilius Paullus, alikuwa amekabidhiwa vita dhidi ya Perseus, mfalme wa Masedonia. Jioni hiyo aliporudi nyumbani akamkuta bintiye, bado mtoto mdogo, ana huzuni. Akambusu, akamuuliza ana nini. Mtoto akasema: baba, Persa amekufa. Persa alikuwa kijibwa chake. Mzee akamkumbatia akasema anaipokea fali hiyo, yaani ishara ya mambo yajayo, kwa kuwa jina Persa lilikaribiana na Perseus. Mwaka 168 kabla ya Kristo alimvunja Perseus katika vita vya Pydna, na ufalme wa Masedonia ukaishia hapo. Nimeieleza habari hii kwa sababu kila kitu cha ukoo kimo ndani yake: baba ana majina matatu ya kuandikwa kwenye mawe, mtoto anaitwa Wa Tatu.

Ukoo huu ulijenga sana. Marcus Aemilius Lepidus alichonga barabara mwaka 187 KK kutoka Ariminum, ambayo leo ni Rimini, hadi Placentia, ambayo leo ni Piacenza. Iliitwa Via Aemilia, na nchi iliyopitiwa nayo ikaja kuitwa Emilia. Ndiyo nusu ya jina la mkoa wa Italia wa Emilia-Romagna. Kwa hiyo mtu akikwambia Emilia ni jina la mahali, hakukosea, ila amelishika kwa mkiani: mahali palipewa jina na barabara, barabara ilipewa na mtu, na mtu alipewa na ukoo.

Emiliana na Emiliani

Majina haya mawili yamejaa Bara, na kwa njia ya ndoa na ajira yamevuka hadi Unguja. Wengi huyachukua kama urembo wa Emilia, kama vile mtu alivyoongeza silabi ili jina lijae mdomoni. Kumbe -anus ya Kilatini ina kazi maalumu. Mvulana akitolewa na ukoo wake kulelewa na ukoo mwengine awe mrithi wao, alichukua majina ya baba mpya, kisha jina la ukoo alikotoka likatiwa -anus na kuwekwa mwisho, ili asili isipotee. Yule Paullus wa Pydna alitoa watoto wawili wa kiume kwa namna hiyo. Mmoja aliingia kwa kina Scipio, akawa Scipio Aemilianus, naye ndiye aliyeiteketeza Carthage mwaka 146 KK.

Aemilianus basi ni "wa kutoka kwa kina Aemilius". Baadaye kiambishi hicho kililegea, kikatumika kwa chochote chenye kuhusiana na mtu au kitu fulani, na Kanisa lilipowapata watakatifu wenye jina hilo likawa jina la ubatizo kama majina mengine.

Na neno lenyewe?

Hata jina la ukoo lina neno ndani yake, na hapa ndipo maana inapostahili kuulizwa. Wataalamu wa Kilatini wengi hulifungamanisha Aemilius na aemulus. Aemulus ni mtu anayemtazama mwenzake, akamwiga, akataka kumfikia au kumpita. Shina lake hudhaniwa kuwa ni moja na la imitari, kuiga. Kiingereza na Kifaransa vina maneno yaliyotoka hapo.

Kiswahili cha neno moja kitakuwa "mshindani", lakini neno hilo limepoa mno kwa aemulus. Warumi walilitumia kwa sura mbili. Kulikuwa na aemulatio ya kheri, ya mtu kuona wema wa mwenzake akautamani na kuukimbilia, na ile ya shari, ya mtu kuumia kwa kuwa mwenzake anacho. Cicero mwenyewe alizitenganisha. Kwetu sisi ya kwanza ni kushindana, ya pili ni ngoa. Aliyewahi kuona vikundi viwili vya taarab vikigombea mji mmoja anajua kwamba mpaka baina ya mawili hayo ni mwembamba, na kwamba nyimbo nzuri hutoka papo hapo mpakani.

Wenyewe kina Aemilius hawakuipenda sana habari ya aemulus. Walikuwa na yao. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anaeleza kwamba ukoo ulidai kutokana na Mamercus, mtoto wa Pythagoras, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwa riwaya moja na wa Numa, mfalme wa kale wa Roma, kwa nyengine, aliyeitwa Aemilius kwa utamu wa maneno yake, kwa neno la Kigiriki haimylos. Kila ukoo mkubwa hupenda kujitafutia babu anayefaa. Waswahili tuna Washirazi wetu. Kwa sauti, haimylos si mbali na Aemilius, lakini ukoo wa Kilatini kuchukua jina la Kigiriki zama za Numa ni jambo la kutiliwa shaka. Mshindani ana hoja nzito zaidi.

Wanaofananishwa naye

Amelia tumemaliza. Emma naye si kifupi cha Emilia kwa asili, ingawa leo hutumika hivyo: ni wa Kijerumani, kutoka ermen, "zima, yote". Emmelia, mama yake Mtakatifu Basili wa Kaisaria, karne ya nne, ni Mgiriki: emmeleia ni mapatano ya sauti, jambo la waimbaji, na m mbili ndizo zinazomtambulisha. Hapa wakosaji ni wengi, kwa sababu vitabu vingi vya Kanisa humwandika Emilia. Mwenye kutaka msimamizi mwenye Emilia halisi anao Wafaransa wawili: Emilie de Rodat, aliyetangazwa mtakatifu 1950, na Emilie de Vialar, aliyefuata 1951. Emanueli ni Mwebrania; "Emi" ikisikika uani inaweza kuwa kifupi cha yeyote kati ya hao, kwa hiyo ukijaza fomu usiridhike na Emi.

Na Amila wa Kiarabu, mwenye ayn mwanzoni, hahusiki kabisa. Tunamtaja kwa sababu binti wa Bara anayesilimu na kuolewa huku mara nyingi hutafutiwa jina lenye mlio wa karibu, na Amila au Amina huwa ya kwanza kutajwa. Masheikh wengi husema kubadilisha si lazima madhali jina halina maana mbaya wala ibada ya asiyekuwa Mungu. Jina la ukoo wa Roma halina hilo wala lile.

Njia zilizomleta

Wareno walikaa mwambao huu takriban miaka mia mbili, mpaka Ngome ya Yesu ilipoanguka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, gereza. Meza ni mensa ya Kilatini iliyopitia Lisbon. Gereza ni igreja, kanisa, na mambo yaliyomfikisha mtu kutoka kanisani hadi jela tuwaachie wanahistoria. Majina ya vitu yakashika, majina ya watu hayakushika, kwa sababu jina la mtu huja na dini yake, na dini yao haikushika.

Majina ya Kilatini ya watu yalikuja karne ya 19 kwa milango mitatu. Wagoa, Wakatoliki wa koloni la Wareno huko India, walikuja Mji Mkongwe kufanya biashara, kushona, kupiga picha na kupiga muziki, wakaja na kina Antonio na Emília wao. Mapadri wa Roho Mtakatifu walileta majina ya Kifaransa. Kanisa lao ndilo la Minara Miwili. Na misheni ya Kianglikana iliyojenga Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likiwekwa 1873, iliwabatiza watoto waliokombolewa majahazini kwa majina ya Kiingereza ambayo mengi ni Kilatini ndani. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa upadri 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile. Cecil ni Caecilius, ukoo mwengine wa Roma, na neno lililo ndani yake ni caecus, kipofu. Hakuna aliyemwita padri kipofu. Jina la ukoo halielezi mtu. Majaliwa, kwa upande wa pili, linaeleza kila kitu.

Katika safari hiyo mkazo ulihama. Mrumi alisema ae-MI-li-a, na Mreno anaweka alama juu ya i ya kwanza ili asikosee. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kumuuliza mtu, kwa hiyo huku ni e-mi-LI-a. Ni sahihi hivyo. Anayejilazimisha kutamka kwa Kitaliano akiwa Darajani atasikika anaigiza.

Bi Salme

Emilia mashuhuri kuliko wote Unguja hakuzaliwa Emilia. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, baba yake Seyyid Said bin Sultan, mama yake Jilfidan, Mcherkasi. Agosti 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Akatoka kanisani Emily Ruete.

Hesabu alichotoa na alichopata siku ile. Salme ni wa shina la s-l-m, pamoja na Salama, Salma na Salima. Jina la mtu binafsi, lenye maana wazi ya amani na kusalimika. "Binti Said" lilikuwa lake la kufa nalo. Al-Busaidiya ilikuwa nisba yake. Akapata Emily, nisba ya ukoo wa Roma uliokwisha zamani, na Ruete, jina la mume, jambo ambalo lisingemtokea Roma wala Unguja. Alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 alijiandika Emily Ruete, mzaliwa binti mfalme wa Oman na Zanzibar. Yaani alilazimika kuirudisha nisba kwa mlango wa nyuma, kwa neno "mzaliwa".

Watoto wake wamebeba mchanganyiko huo ndani ya vyeti. Antonie Thawka, 1868. Rudolph Said, 1869. Rosalie Ghuza, 1870. Jina moja la Ulaya, moja la nyumbani. Antonie ni wa ukoo wa Antonius. Shina lake halikupatikana mpaka leo, na hiyo h ya Waingereza kwenye Anthony ilitiwa na wasomi waliodhani limetokana na anthos, ua la Kigiriki. Si kweli, lakini h imekaa. Aliye na ua kwelikweli ni Rosalie, kutoka rosa, na mwenzake hapa ni Waridi. Rudolph ni Mjerumani mtupu, mbwa mwitu mwenye sifa. Said wake, mwenye bahati njema, kwa Kilatini angeitwa Felix.

Kuliandika

Tukija kwenye karatasi, tahajia salama ya Kiswahili ni EMILIA, herufi sita. Ae ya Kilatini haina kazi tena. Ilishatamkwa e tangu zama za mwisho za Roma. Makosa yanayotokea masjala ni yaleyale: Emelia, Imilia, Emiliya, Amelia. La Imilia lina sababu ya kuheshimika. Mzee aliyesoma chuoni akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kasra moja humtosha kwa i na kwa e, kwa hiyo Emilia na Imilia kwake ni maandishi mamoja. Akisomewa karani, karani huchagua. Mzazi anayekwenda kwa sheha au kuandikisha hospitali afike na jina limeshaandikwa kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, asilitamke tu.

Pasipoti ina masharti yake. Mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine ina nafasi 44 kila mmoja. Wa juu una nafasi 39 za majina, herufi A hadi Z peke yake. Émilie hupoteza alama yake, na herufi Æ huandikwa AE. Mfumo unataka jina la ukoo litangulie, na sisi hatuna, tuna baba na babu. Tuseme Emilia Juma Khamis: ataandikwa KHAMIS<<EMILIA<JUMA, nafasi 19, na zilizobaki hujazwa <. Babu anageuka ukoo. Ndivyo ilivyo, na kama ndugu yake wa tumbo moja aliandikwa kwa majina mawili tu, ukoo wake kwenye mashine utakuwa Juma, na wawili hao uwanja wa ndege wataonekana si ndugu.

Cheti cha kusilimu peke yake hakiandiki upya cheti cha kuzaliwa. Aliyezaliwa Emilia akawa Amina na anataka Amina iende benki na kwenye pasipoti, atahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina. Na mwanafunzi ambaye skuli imemwandika Emelia alishughulikie kabla orodha ya watahiniwa wa Kidato cha Nne haijafungwa, maana cheti kikishachapishwa, ni kazi kubwa zaidi kukirekebisha kuliko kuandika kiapo kinachosema Emelia na Emilia ni mtu mmoja.